Barua za Wasomaji: Mfuko wa IOM umekwenda na mto

Tangu Ijumaa ile ya 27 Septemba 2024, kimbunga Helene kilipoimwagia maji milima ya North Carolina, barua zinazonifikia zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: makaratasi yamekwenda na mafuriko, tufanyeje? Basi ukurasa wote wa safari hii nimewapa watu wa mafuriko. Mlioniuliza habari za wakwe, subirini toleo lijalo. Wakwe hawakimbii.

Shangazi jambo,

Mimi ni baba wa watoto watano, mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini. Tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na minne, tukafika Marekani Julai 2023. Tulikuwa tunaishi Swannanoa, karibu na mto. Ile asubuhi maji yalikuja mbio kuliko mutu. Mimi nilibeba wawili, mke wangu akabeba wa mwisho aliyezaliwa hapa Asheville, wakubwa wakashika shati langu. Mfuko wa IOM, ule wa makaratasi tuliopewa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ulibaki juu ya kabati. Leo hata kabati halipo, nyumba haipo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na I-94 zetu (karatasi za kuingilia Marekani), kadi za kazi, kadi za soshal, na barua ya kupokea ombi letu la grini kadi tuliyotuma Agosti. Kulikuwa pia na randevu ya alama za vidole kule Charlotte, tarehe 3 Oktoba. Sikwenda. Barabara zimefungwa, simu haina rezo, maji ya kunywa tunapanga foleni. Sasa tuko Greensboro kwa shemeji yangu, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Nimepata kazi ya kukata kuku, lakini mtu wa biro anasema bila kadi ya kazi hawezi kuniandika. Na kuna mwenzetu mmoja hapa anasema nimpe dola 600 atanitengenezea yote. Je, kesi yetu imekufa? Nianzie wapi?

*Baba wa Watano, Greensboro*

Baba wa Watano, pole, na mama watoto umpe pole yangu. Kesi haijafa. Lakini ukikaa kimya itakufa, kwa hiyo nisome mpaka mwisho kabla hujampa mtu hata senti.

Nianze na huyo wa dola 600, maana namjua. Simjui yeye, nawajua wenzake. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston, mimi nililala siku sita kwenye ukumbi wa George R. Brown, pamoja na watu wapatao elfu kumi, juu ya kitanda cha turubai chenye mguu mmoja mfupi. Grini kadi yangu ilikuwa ndani ya mkoba ulioelea hadi usikojulikana. Akaja kijana mtanashati mwenye kompyuta mapajani, akanijazia fomu I-90 kwa dola 350, nami nikatoa na ada ya serikali ya wakati ule, dola 540. Fomu ile haikutaja Harvey hata mara moja. Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Honduras, hajui Kiingereza, kaandika mistari miwili kwa msaada wa mtawa: nyumba yangu imezama, sina kazi, naomba nisamehewe ada. Akasamehewa. Mimi niliyejiona mjuzi nililipa dola 890 kwa kitu ambacho jirani yangu alikipata kwa kalamu ya kuazima. Ndipo nikaingia darasani, na leo nina idhini ya Idara ya Sheria kuwasaidia watu na fomu hizi. Mwanasheria si mimi, lakini si yule kijana pia.

Shika hili kabla ya mengine. Idara ya Uraia na Uhamiaji, USCIS, ina nafuu maalumu kwa walioathiriwa na majanga. Huwa inazitangaza kila baada ya kimbunga au moto mkubwa, na kwa Helene ilizitangaza. Inaweza kuharakisha kadi iliyopotea, kukupangia tarehe mpya, kukupokelea majibu uliyochelewa kuyatuma na kukusamehe ada. Ila hakuna afisa atakayefungua ramani ya mafuriko akaona Swannanoa, akaona jina lako, akakuhurumia. Ni wewe useme janga lilikupata, useme lilikuzuiaje, uoneshe ushahidi. Asiyesema huhesabiwa kama aliyelala nyumbani kwa uvivu.

Sasa ile tarehe 3 Oktoba. Asiyefika kwenye alama za vidole bila kuomba tarehe nyingine, ombi lake linaweza kuhesabiwa kwamba kaliacha. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, kuliko kadi. Piga simu kituo cha huduma cha USCIS kesho asubuhi, si Jumatatu ijayo. Itapokea mashine. Iambie kwa Kiingereza kwamba unataka mtu, uirudie mpaka ichoke. Mtu mwenyewe atazungumza Kiingereza au Kispanyola tu, kwa hiyo umweke mtoto wako mkubwa au shemeji kando yako atafsiri, na wewe uwepo, maana watataka kusikia sauti yako ikikubali. Sema: nilikuwa na miadi Charlotte, Helene ilifunga barabara, naomba tarehe mpya. Andika saa uliyopiga, jina la aliyepokea, na namba ya ombi atakayokupa. Ombi lililochelewa hupokewa kwa simu hiyo tu, si kwa posta, lakini andika na barua pia uwe nayo tayari wakikutaka ujieleze, ukitunza nakala.

Barua hiyo isiwe ndefu. Naona watu wanaandika historia tangu vita ya 1996. Afisa hana muda huo. Andika hivi, shemeji aitafsiri (A-namba ni namba ya faili lako la uhamiaji): “Mimi ni mkimbizi, A-namba yangu ni hii. Niliishi Swannanoa, anwani hii. Tarehe 27 Septemba 2024 mafuriko ya Helene yalibomoa nyumba yetu na kuchukua hati zetu zote. Sikuweza kufika Charlotte tarehe 3 Oktoba kwa sababu barabara zilifungwa na hatukuwa na mawasiliano. Naomba miadi mipya kwangu na familia yangu.” Ambatisha kinachoonesha mliishi pale: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, barua ya shule ya watoto, barua ya FEMA, shirika la serikali la misaada ya majanga, kama mmejiandikisha, picha ya kiwanja palipokuwa nyumba. Mchungaji wenu naye aandike.

Utaniuliza, A-namba nitaitoa wapi na kila kitu kimekwenda? Rudi kwa shirika lililowapokea uwanja wa ndege. Wao ndio waliokunyang'anya ule mfuko mweupe dakika kumi wakatoa nakala za kila karatasi. Mafaili hayo wanayatunza. Waombe nakala za I-94 za watu wote na barua yoyote yenye herufi A na tarakimu tisa. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kabla ya simu. Ukikosa kwao, faili lako lote liko serikalini na unaweza kuomba nakala yake kwa sheria ya uhuru wa habari, ila hiyo njia ni ya miguu ya kobe.

Ukishapata A-namba, I-94 huhitaji kuilipia. Tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, inaichapa bure. Pale wanapotaka namba ya pasipoti, mkimbizi huweka A-namba yake, kwa sababu pasipoti hakuja nayo. Ikikataa mara ya kwanza, jaribu na herufi A mwanzoni, kisha bila hiyo, kisha geuza majina, maana sisi watu wa Afrika ya Mashariki na Kongo huandikwa jina la baba mahali pa jina la ubatizo na kinyume chake.

Karatasi hiyo ukaipeleke kwa mtu wa biro wa kuku. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi kwa sababu ni mkimbizi. Kadi ni ushahidi wa ruhusa hiyo tu. Katika fomu I-9 ambayo kila mwajiri hujaza, I-94 iliyochapwa yenye alama RE, ya mkimbizi, hukubaliwa kwa siku 90 wakati unasubiri nyaraka nyingine. Na ukipata leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya soshal isiyo na masharti, hizo mbili zinatosha kabisa, kadi ya kazi isidaiwe tena. Mfanyakazi ndiye anayechagua aoneshe zipi katika orodha ya I-9. Mwajiri hana haki ya kusema nataka hii na si ile. Mwambie kwa upole. Akishupaa, Idara ya Sheria ina kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi, na mara nyingi simu moja ya kitengo hicho kwa mwajiri humaliza maneno.

Kadi ya soshal ni bure. Nenda ofisi yao Greensboro na hiyo I-94, jaza fomu SS-5. Wanatoa mpaka kadi tatu kwa mwaka na kumi kwa maisha ya mtu, usiogope. Kadi ya kazi iliyopotea unaomba kwa I-765 na kuomba iharakishwe kwa sababu ya janga. Kabla ya kulipa, soma jedwali la ada la USCIS, maana mkimbizi husamehewa katika fomu kadhaa. Ile ya kuomba grini kadi yenyewe, I-485, kwa mkimbizi haina ada. Fomu inayolipiwa, ambatisha I-912 ya kuomba msamaha. Mimi huzituma pamoja, kwa karatasi, kwa posta, bahasha moja. Familia inayopokea msaada wa chakula au Medikeidi, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ina hoja tayari, na aliyepoteza nyumba ana hoja ya pili.

Mtoto wa Asheville ndiye tajiri wenu. Yeye ni raia. Cheti chake cha kuzaliwa kipo kwenye ofisi ya usajili ya kaunti ya Buncombe, mafuriko hayajakifuta, na nakala yake ni dola chache.

Jambo la mwisho kwako, na hili limewaumiza wengi baada ya Harvey. Umehama. Sheria inakutaka uiarifu USCIS ndani ya siku kumi, kila mtu katika familia na jina lake. Watu hujaza ile karatasi ya posta ya kuhamisha barua wakadhani wamemaliza. Posta haihamishi kadi za USCIS. Ikifika Swannanoa ikakuta hakuna sanduku, inarudi ilikotoka, nawe unakaa miezi unangoja kitu kilichokwisha kuja kikarudi. Badilisha kote kuwili. Na kwa kuwa mko kwa watu, andika jina la shemeji kwenye nafasi ya “kwa mkono wa”, au mleta barua ataona jina geni mlangoni akapita. Wiki nane tayari zimepita, ndiyo. Fanya leo na ueleze kwa nini.

Vyeti vyako vya shule vya Fizi na picha ya harusi sina la kukwambia. Hivyo hakuna fomu.

Hujambo Shangazi,

Mimi ni msichana kutoka Kenya, niko mwaka wa pili chuoni, huku huku milimani. Nilikuwa nafanya kazi maktaba ya chuo masaa 15 kwa wiki. Chuo kilifungwa wiki kadhaa, tukasomea mtandaoni, na ile kazi ikaisha. Gari nililonunua kwa pesa ya mjomba lilibebwa na maji likiwa na mkoba wangu: pasipoti, I-20 (karatasi ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni), simu. Rafiki zangu wanafanya usafi wa nyumba zilizojaa matope, wanalipwa pesa taslimu dola 20 kwa saa. Naweza kujiunga nao? Ama kuna njia nyingine?

*Mwenye Njaa ya Kweli*

Binti, usiguse hata ndoo. Najua njaa. Lakini mwanafunzi wa F-1, yaani mwenye viza ya masomo, anayefanya kazi nje ya chuo bila ruhusa ameivunja hadhi yake mwenyewe, na hakuna kimbunga kitakachomtetea. Kujitolea kanisani bila malipo ni sawa. Kwa malipo, hapana.

Njia ipo na iliwekwa kwa watu kama wewe. Inaitwa ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo kwa sababu ya shida kubwa ya kifedha isiyotarajiwa. Sharti la kwanza uwe umekaa F-1 mwaka mzima wa masomo, nawe umeukamilisha. Nenda kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo, yule anayekusainia I-20. Mpelekee barua ya maktaba kwamba kazi imesimama, taarifa ya benki, na maelezo ya gari. Yeye ataandika mapendekezo kwenye mfumo wao na kukuchapia I-20 mpya. Kuanzia siku hiyo una siku 30 za kutuma I-765, usizichezee. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ni dola 470 mtandaoni au 520 kwa karatasi. Omba iharakishwe, taja Helene. Ukipata kadi, na si kabla, unafanya kazi popote mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Usipunguze masomo bila kumwambia afisa huyo kwanza. Nimeona vijana wakiacha darasa moja ili wapumue, wakajikuta hawako tena katika hadhi.

Pasipoti ni ya Kenya, kwa hiyo Wamarekani hawawezi kukupa nyingine. Piga ripoti polisi wa hapo ulipo, jaza ombi jipya eCitizen, kisha utapanda basi kwenda ubalozini Washington kutoa alama za vidole. I-94 chapa mwenyewe bure. Viza iliyokuwa ndani ya pasipoti imekwenda nayo, na uiarifu ubalozi wa Marekani ulioitoa, lakini isikukoseshe usingizi: viza ni ya kuingilia, na wewe umekwishaingia. Utaihitaji siku ukienda nyumbani ukitaka kurudi.

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu hatuna makaratasi. Mtoto wetu wa miaka sita amezaliwa hapa. Trela letu limeharibika kabisa. Mchungaji anasema twende FEMA, mume wangu anasema FEMA na uhamiaji ni kitu kimoja, tutajipeleka wenyewe. Wengine wanasema zile dola 750 ni mkopo, usipolipa wanachukua ardhi. Nani mkweli?

*Mama wa Mmoja*

Marahaba mwanangu. La mkopo ni uzushi mtupu. Dola 750 za Helene ni za mahitaji ya haraka, chakula, maziwa ya mtoto, mafuta ya gari, na hazirudishwi. Ardhi haichukuliwi na mtu. Uzushi huo ulienea Oktoba hata kwa wazungu wenye bunduki zao huko milimani, wakakataa pesa iliyokuwa haki yao.

Mchungaji na mume wako, kila mmoja ana nusu. Makao ya dharura, chakula, maji, dawa, ushauri wa kisheria wa janga: kwa Helene hivyo vilitolewa kwa kila mtu, hawakuuliza hadhi. Pesa ya FEMA ni ya raia, wenye grini kadi, wakimbizi na wengine wachache waliotajwa. Nyinyi hamumo, mtoto yumo. Mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto raia mwenye umri chini ya miaka 18 anayeishi naye, kwa namba ya soshal ya mtoto. Hadhi ya wazazi haiulizwi kwenye ombi la namna hiyo.

Lakini mume wako hajakosea kabisa. FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na polisi wa uhamiaji wako chini ya wizara hiyo hiyo. Mimi siwezi kukaa Houston nikakuahidi kuta za nyumba ya mtu mwingine ni nene kiasi gani. Kabla hujasaini, muone mwanasheria wa msaada wa bure. Baada ya janga hupatikana kwenye vituo vya msaada, muulize mchungaji. Na hili usilisahau hata ukisahau jina langu: popote kwenye fomu palipoandikwa “mimi ni raia”, usitie alama. Kudai uraia wa uongo ni kosa ambalo hata ukija kuolewa na seneta halifutiki. Saini kama mzazi wa raia, ndivyo ulivyo.

Jambo Shangazi. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Bukavu. Muda wake kwenye I-94 uliisha tarehe 30 Septemba, na tiketi yake ilikuwa ya tarehe 28. Uwanja wa ndege haukufikika, mpaka leo yuko hapa, ana presha. Tena kwao Kalehe, Bushushu, ndugu zake walikufa kwenye mafuriko ya Mei 2023. Nimesikia Marekani huwapa watu ruhusa ya kukaa kama kwao kuna janga. Tumwombee hiyo?

*Mkwe Mwema*

Mkwe mwema, mambo mawili umeyafunga kamba moja. Tuyafungue.

Ruhusa uliyoisikia ni TPS, hadhi ya ulinzi wa muda, ya sheria ya 1990. Serikali huitaja nchi nzima, kwa vita au kwa janga, na walio tayari Marekani siku hiyo wakaomba. Honduras na Nicaragua walipewa baada ya kimbunga Mitch cha 1998, El Salvador baada ya matetemeko ya 2001, Haiti baada ya tetemeko la 2010, Nepal la 2015. Jirani zetu Somalia, Rwanda na Burundi waliwahi kuwemo kwa sababu ya vita. Kongo haijawahi kutajwa, pamoja na yote iliyoyaona, na pamoja na zaidi ya watu 400 waliofukiwa Bushushu na Nyamukubi usiku mmoja. Ukiniuliza mimi, hiyo ni aibu. Ila aibu haijazi fomu, na mtu asiwatoze pesa kuwaombea TPS ya Kongo.

Lililo lenu ni la pili. Mgeni aliyezuiwa na janga la hapa hapa kuondoka au kuomba nyongeza kwa wakati anaweza kutuma I-539, fomu ya kuongeza muda, akiwa amechelewa, na USCIS ikaipokea, akionesha kwamba Helene ndiyo iliyomchelewesha. Tiketi ya 28 Septemba ni dhahabu, itoeni nakala tatu. Ongezeni taarifa ya shirika la ndege kufuta safari, barua ya daktari kuhusu presha, na tiketi mpya ya kurudi yenye tarehe, ili waone ana nia ya kwenda. Ada ni dola 420 mtandaoni, 470 kwa karatasi. Lakini mmechelewa kuniandikia. Kila wiki inayopita bila fomu, kimbunga kinapungua nguvu kama sababu na nyinyi mnabaki wahusika. Tumeni wiki hii, na mama apunguziwe chumvi.

Shangazi, karatasi zangu nimezipata ndani ya matope, zimelowa, zimegandana kama mkate. Zina ukungu. Nizitupe? *Kijana wa Marshall*

Usitupe! Kadi iliyoharibika ni ushahidi kwamba ulikuwa nayo, na ukiomba cheti kipya cha uraia kwa N-565, au grini kadi kwa I-90, USCIS hutaka uwatumie na hayo mabaki. Usizibandue kwa kucha, usizianike juani, usipige pasi, wala usizitie plastiki ya kuyeyusha. Suuza tope taratibu kwa maji safi, ziache zilivyogandana, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friza. Baridi inasimamisha ukungu mpaka upate muda wa kuzikausha moja moja. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa nyaraka za kale.

Cheti changu cha ndoa cha Tanga kilikaa siku kumi na moja kwenye friza ya shoga yangu, ghorofa ya tatu, chini ya mfuko wa dagaa. Muhuri unasomeka. Jina la marehemu mume wangu linasomeka. Mwaka 2019 nilipokitoa mbele ya afisa wa uraia, aliinusa karatasi, akanitazama, akaandika kwamba ni halisi.

*Shangazi, Houston*